Sikio Lisilo na Kichwa

Siku walipoliteremsha lile sikio kutoka kwenye lori, mshona viatu wa mtaa wetu alitoa sindano mdomoni akasema, "Afadhali. Wakubwa wameamua kutusikiliza. Ila naona kichwa wamesahau kukileta."

Watu walicheka mpaka wapakuaji wakakasirika. Lakini ndivyo lilivyokuwa: sikio tupu la chuma, refu kumpita mtu mzima aliyenyoosha mkono juu, limesimamishwa kwenye jukwaa la zege pale njia tatu zinapokutana, mbele kabisa ya karakana yangu. Halina shavu, halina shingo, halina hata unywele. Pembeni walipigilia kibao kilichoandikwa "Mji Unaosikiliza". Mheshimiwa mmoja alikuja kulizindua, akatusomea hotuba ndefu juu ya faida za kuwasikiliza wananchi, na muuza maji alipoinua mkono aulize habari za mabomba, mheshimiwa alikuwa ameshaingia kwenye gari.

Mtaa ukapata la kusema. Wengine walilia kwamba mitaro imeziba na wao wanaletewa sikio. Wengine waliogopa kupita karibu nalo, wakidai kitu kinachosikiliza bila kuwa na mwili si cha kuaminiwa. Mimi nilisimama mlangoni, miwani yangu nyeusi nimeipandisha kwenye paji la uso, nikalikagua. Kwanza nilitazama viungo, maana hiyo ndiyo kazi yangu. Nachomelea mageti, madirisha, vitanda, chochote cha chuma mtu atakacholeta. Aliyelitengeneza alikuwa fundi. Bati nene limekunjwa kwa nyundo, pindo ndani ya pindo, na mishono imesagwa hata kidole hakikwami popote. Nilimwonea wivu, sitaficha. Kisha nikarudi nyuma nikalitazama lote kwa pamoja, nikaanza kucheka peke yangu.

"Wewe Cheche, unacheka nini?" mshona viatu akaniuliza. Mtaani naitwa Cheche, kwa sababu ya kazi, na kwa sababu ya mdomo pia.

"Nacheka kwa kuwa kaka yangu ameumbuka," nikamjibu.

Ilibidi nimweleze. Mimi ni kitindamimba. Mbele yangu yuko Kaka Mkubwa, halafu Dada. Kwetu mtoto wa mwisho alikuwa na kazi mbili tu, kutumwa na kunyamaza, na kila nilipofungua mdomo Kaka Mkubwa alikuwa na methali yake moja aliyoitunza kwa ajili yangu: sikio halipiti kichwa. Nilipokataa kushona nguo nikaenda kujifunza kuchomelea, sikio halipiti kichwa. Nilipomkataa mchumba aliyeniletea, sikio halipiti kichwa. Hata Baba alipofariki, nikauliza kwa nini mimi niliyemuuguza nisiseme neno msibani, alinijibu hivyohivyo mbele ya waombolezaji, nao wakaitikia. Wahenga sigombani nao, walikuwa na yao. Nagombana na mtu anayechukua neno la wahenga akaligeuza kufuli la kufungia mdomo wa mwenzake.

Na sasa hapa mbele ya karakana yangu, kwa kibali cha manispaa na mheshimiwa akiwa shahidi, sikio lilikuwa limekipita kichwa. Tena halikukipita tu, lilikuwa limekiacha huko nyuma kabisa na halikukihitaji ili lisimame. Wenye mji waliite watakavyo. Mimi tangu siku ile nililihesabu kuwa langu. Asubuhi, kabla sijawasha mashine, nililigonga kwa kifundo cha kidole, nalo likaitikia kwa mlio mnene, ndipo nikaanza kazi nikiwa na moyo mkubwa kidogo kuliko jana.

Tunaishi wawili, mimi na Mama, katika nyumba aliyoijenga Baba. Ina vyumba vitatu na ua wenye kamba za kuanikia nguo, na kitanda cha Mama kiko chini ya dirisha linalotazama mlango wa jirani yake, rafiki yake wa tangu ujana. Wakiamka wanapungiana mikono kwanza, halafu ndiyo kunapambazuka. Baba alituachia sheria moja ambayo hakuna aliyethubutu kuivunja: Mama hapigiwi kelele. Ukimwita kutoka uani, ulirudishwa uende mpaka alipo, usimame, useme taratibu. Baba alikufa, sheria ikabaki. Kaka Mkubwa ndiye aliyeikuza hadi ikapitiliza. Yeye akizungumza na Mama huinamisha macho, hufumbata mikono, na sauti yake hushuka hadi inakaribia kuwa pumzi tu. Dada naye humfuata.

Aliyeharibika ni mimi. Anayeshinda na mashine ya kukatia chuma hajui tena kusema kwa sauti ndogo. Nikirudi nyumbani napayuka hata nikiomba chumvi. Dada akija kututembelea hunikaripia: "Unaongea na Mama au unaita abiria?" Mama mwenyewe hakuwahi kunikaripia. Nikipayuka alikuwa akicheka na kunijibu, na tukapiga soga mpaka chakula kikapoa.

Jumapili moja Kaka Mkubwa aliitisha kikao cha familia. Vikao vyetu huenda kwa kuzaliwa: anaanza yeye, anafuata Dada, na zamu ikinifikia mimi chai imeshakwisha na neno limeshakatwa. Alikuja na shati lililonyooshwa hadi ukosi, akakaa kwenye kiti cha Baba, akainamisha macho, akafumbata mikono, akaanza kumweleza Mama jambo lake kwa ile sauti yake ya heshima. Mimi niliyekuwa kwenye kigoda karibu na mlango ilinibidi nitege sikio. Alisema Mama sasa ni mtu mzima wa kutunzwa. Alisema nyumba hii ina binti anayeshinda kwenye vyuma, na mzee hawezi kuachwa na kuta. Kwake, katika mji mwingine, chumba kiko tayari. Jumapili ijayo atakuja na gari amchukue, na nyumba itafungwa hadi itakapoamuliwa la kufanya nayo.

Mama alikuwa ametulia, anaitikia kwa kichwa, taratibu, mwanzo hadi mwisho. Kaka aliponyamaza, Mama aliinua viganja vyake akasema, "Amina."

"Mama ametubariki," Dada akasema huku anapangusa macho.

Mimi niliruka kutoka kwenye kigoda. "Mama! Yaani wewe..."

"Usimpigie Mama kelele!" wakanikemea wote wawili kwa pamoja.

Basi nikafanya kama nilivyolelewa. Nikamwendea, nikapiga magoti mbele yake, nikaishusha sauti mpaka ikaniwasha koo. "Mama," nikamwambia, "unataka kweli kuhama?" Mama alinitazama midomo, akanitazama macho, akanishika shavu kwa upendo, akaitikia kwa kichwa.

"Umeridhika?" akaniuliza Kaka Mkubwa, na bila kungoja jibu akamalizia kwa kile alichozoea kumalizia.

Nilivunjika, nasema kweli. Na hasira zangu hazikuwa kwa Kaka, yeye nimemzoea kama mtu anavyozoea jino bovu. Zilikuwa kwa Mama. Miaka yote tunakula sahani moja, na ameamua kuniacha bila hata kuninong'oneza. Kuanzia hapo nikawa naondoka alfajiri na kurudi nimenuna, na kama niliongea, niliongea na sufuria.

Mchana Mama huniletea chakula karakana. Siku moja ya wiki ile alikuja kama kawaida, bakuli limefungwa kwa kitambaa, na mimi kwa kununa kwangu sikuzima mashine. Juu ya benchi lake la kukalia nilikuwa nimelaza geti. Alisimama kidogo akiangalia cheche zinavyoruka, akaona hapana, akavuka njia. Saa zile kivuli cha ghorofa ya jirani huwa kimelifunika sikio na chuma kimepoa. Nikamwona kwa pembe ya jicho anapanda jukwaa kwa taabu, anashika ukingo, anakaa kwenye ndewe, ile nyama ya chini ya sikio, kama mtu aliyekaa kwenye baraza la nyumba yake, mgongo na kichwa vimezama ndani ya lile bati lililopinda. Nikaendelea kukata chuma.

Mara nikaona anacheka. Si tabasamu, Mama alikuwa anacheka mpaka anashika mtandio usianguke. Nikazima mashine. Ng'ambo ya pili, sikio linakoelekea, mshona viatu alikuwa ameshika kiatu cha mteja aliyeondoka sasa hivi, anakigeuzageuza, na anasema nacho kwa ndani ya meno kama ilivyo desturi yake.

"Eti si kiatu, ni marehemu!" Mama akanipigia kelele kutoka sikioni. "Eti kingeletwa na sanda kabisa! Kumbe huyu bwana ana maneno hivi?"

Mshona viatu alikitupa kiatu. "Mimi? Nimesema hayo moyoni!"

"Moyo wako una sauti," Mama akamjibu, akaendelea kucheka. Kisha akatulia, akageuza uso huku na huku, akasema kwa mshangao ambao sijausahau, "Huu mtaa una makelele. Mimi nilidhani siku hizi watu wamestaarabika."

Niliivuka ile njia bila kuangalia gari. Nikapanda jukwaani, nikasimama mbele yake, nikashusha sauti, ileile ya Jumapili. "Mama, unanisikia?"

"Nakusikia. Mbona unanong'ona kama kaka yako?"

Nikamshika mkono, nikamteremsha hadi chini barabarani, nikarudia maneno yaleyale kwa sauti ileile. Mama alinitazama midomo, akanitazama macho, akanishika shavu. Akaitikia kwa kichwa.

Nilimrudisha penye ndewe, tukakaa wawili tumebanana, bakuli la chakula katikati yetu, na hapo ndipo nilipomuuliza tangu lini hasikii.

"Nitajuaje? Sauti iliondoka kidogo kidogo, kama mgeni asiyeaga. Wewe nakusikia siku zote. Nyumba nzima ni wewe peke yako unayeongea, wenzako wanachezesha midomo."

"Na wewe unaitikia?"

"Ningefanyaje? Mtu na akili zake amekuja kutoka mbali, ameinamisha macho kwa heshima, anachezesha midomo mbele yako. Utamwambia nini? Unaitikia tu, asijisikie vibaya."

"Na Jumapili? Ulisema amina."

"Si alikuwa anatuombea dua?" Mama akasema. "Macho chini, mikono kifuani. Nikaona dua ya leo ndefu, basi atakuwa na shida."

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia. Nikamweleza. Nikamwambia juu ya chumba kilichoandaliwa, gari la Jumapili, na nyumba kufungwa. Mama aliacha kutafuna. Aliuweka mkono juu ya ukingo wa sikio akaushika ule mshono nilioutamani, akaushika sana.

"Na dirisha langu?" akauliza.

"Litafungwa pamoja na nyumba."

"Na wewe ulisema nini?"

"Mimi ni wa mwisho, Mama. Zamu yangu haifiki."

"Wewe ni wa mwisho," akasema. "Na mimi ni wa ngapi?"

Nikamwambia naenda kuwaeleza leo hii kwamba hakusikia kitu, kikao kile ni bure. Mama akanivuta nguo nikakaa tena. "Ukiwaambia sisikii, umewapa kamba ya kunifungia. Watasema, ona, ameshakuwa kiziwi, na ndiyo maana lazima ahamishwe. Hapana. Kaka yako aseme maneno yake nami niyasikie kwa masikio yangu, nimjibu kwa mdomo wangu. Siku hiyo akija kunichukua, mwambie niko hapa. Anayenitaka anifuate sikioni."

Hiyo ndiyo sauti iliyonizaa, nilikuwa nimeisahau.

Tatizo lilikuwa kupanda. Jukwaa ni refu na magoti ya Mama yana siku zao. Kwa hiyo kesho yake, jua linawaka na watu wanapita, nilivuta waya wangu mrefu kuvuka njia, nikavaa miwani, nikachomelea ngazi mbili za chuma ubavuni mwa jukwaa na mkono wa kushikia kwenye pindo la sikio. Mshona viatu alinishikilia vyuma huku akitabiri kifungo changu. "Hii ni mali ya umma, Cheche. Wakikukamata mimi sikuwepo."

"Mama yangu ni umma," nikamwambia. "Shika sawa."

Nilisaga mishono yote hadi kidole kikapita bila kukwama. Kama yule fundi atarudi siku moja, sitaki apate aibu.

Jumapili Mama aliamka mapema, akavaa nguo yake nzuri, akachukua mkoba, akaondoka peke yake bila haraka. Mimi nilibaki mlangoni. Kaka Mkubwa na Dada walipofika walikuwa wamebeba kamba. Kaka ni mtu wa mpango, hawezi kuanza safari kabla ya kufunga mzigo, akaingia moja kwa moja chumbani, akatoa godoro la Mama na mto wake, akavifunga juu ya gari. Nilimwangalia kila fundo. Alipomaliza kupangusa mikono ndipo alipouliza, "Mama yuko wapi?"

"Yuko sikioni."

"Sina muda wa utani wako."

"Na mimi sina," nikamwambia. "Anasema anayemtaka amfuate huko."

Walikuja na gari polepole, godoro juu likitikisika, mimi natembea pembeni. Kwenye njia tatu watu walikuwa wameshaanza kusimama. Mama alikuwa amekaa kwenye ndewe, mkoba mapajani, miguu juu ya ngazi yangu, kichwa kimeegemea ndani ya chuma. Kaka Mkubwa aliona watu, akaona viatu vyake vinavyong'aa, akaona hakuna njia ya kulizunguka jambo hili. Akasimama chini ya jukwaa, akainamisha macho, akafumbata mikono.

"Mama," akanong'ona, "shuka twende. Watu wanatutazama."

"Waache watazame, macho ni yao," Mama akajibu. "Twende wapi?"

Kaka aliinua uso. Nadhani alikuwa hajaulizwa swali na Mama siku nyingi sana. "Kwangu, Mama. Si tulikubaliana?"

"Nani na nani?"

"Sisi sote. Hata wewe uliitikia amina."

"Nilidhani unaomba dua. Kumbe ulikuwa unanihamisha?"

Kicheko kilipita kwa watu. Kaka Mkubwa alikunja uso, akarudi nyuma hadi karibu na gari, akamvuta Dada, akaziba mdomo kwa kiganja. Mimi niliyekuwa hatua moja kutoka kwao niliyapata maneno kwa shida. "Akili zimeanza kumruka," alimwambia. "Mshike mkono taratibu, muingize garini. Atazoea."

"Nitazoea nini?" Mama akauliza kutoka juu.

Dada alijishika mdomo. Kaka alisimama kama mtu aliyekanyaga waya wa umeme.

"Nakuuliza wewe, kifunguamimba wangu. Nitazoea nini? Kuamka nisijue nani yuko ng'ambo ya dirisha? Kukaa kwa watu kama mzigo uliosahauliwa na abiria? Na hizo akili zilizoniruka zimeenda wapi, mbona zimekusikia ukinong'ona kule kwenye gari?"

"Heshima si utumwa," alisema mshona viatu akikiambia kiatu, lakini safari hii alisema kwa nguvu.

Kaka alinigeukia mimi. Shingo ilikuwa imemvimba. "Ni wewe. Wewe ndiye umemjaza maneno. Tangu utoto nakuambia, sikio halipiti..."

Mama alipiga bati kwa kiganja. Sikio zima lilinguruma, mlio ukaenda njia zote tatu, na mbwa wa duka la kona akatoka kuja kuangalia.

"Usiimalizie," Mama akasema. "Methali hiyo uliitoa kwangu, na sikukupa uifanye fimbo ya kumchapia mdogo wako. Kichwa cha nyumba ile bado kiko hai. Hiki hapa. Na hakijaulizwa kitu."

"Nilisema kichwa wamesahau, kumbe kimeletwa," mshona viatu akawaambia waliosimama naye, nao wakashindwa kuzuia kicheko.

Kaka Mkubwa hakucheka, na nikimtazama vizuri, sikuona ubaya usoni mwake. Niliona mtu aliyechoka. "Mkubwa ni jalala," akasema. "Kila uchafu unatupwa kwangu. Nisipomchukua mama yangu, watu watasema nina nyumba na mama yangu analelewa na mchomelea vyuma. Nikimchukua, naambiwa namteka. Nifanye lipi?"

Yalikuwa maneno ya kweli, na Mama aliyasikia yote. Akanyoosha mkono, nikamshika, akashuka ngazi ya kwanza, akashuka ya pili, akaja kusimama mbele ya mwanawe, chini, barabarani, mbali na sikio. Niliogopa. Hii haikuwa kwenye mpango wetu.

"Sasa niambie hapa," akamwambia.

Kaka aliinamisha macho. Alifumbata mikono. Aliongea kwa ile sauti ya heshima, na safari hii ilikuwa na machozi ndani yake. "Mama, kwani mimi nimekukosea nini?"

Mama alimtazama midomo. Akamtazama macho. Akamshika shavu kwa upendo, akaitikia kwa kichwa.

Hakuna aliyecheka. Dada alikuwa wa kwanza kuelewa, nikaona anashika mlango wa gari. Kaka alichelewa kidogo. Alirudia swali, polepole, na Mama akaitikia tena, vilevile, kama alivyoitikia siku ya kikao, kama alivyotuitikia sijui miaka mingapi. Ndipo uso wa Kaka ulipobadilika.

"Nimekuwa nikiitikia midomo, mwanangu," Mama akasema. "Kule juu chuma kinanisaidia. Huku chini, wewe sikusikii. Sijakusikia siku nyingi. Anayenifikia ni huyu wenu mwenye makelele. Ukitaka jibu langu, paza sauti."

Kaka alitikisa kichwa. "Siwezi," akasema kwa pumzi. "Baba alikataza."

Mama akanigeukia mimi. Na mimi, kitindamimba, ambaye zamu yangu haijawahi kufika, nilijaza kifua hewa nikapayuka mtaa mzima usikie: "ANASEMA BABA ALIKATAZA!"

"Baba yako alikataza nipigiwe kelele," Mama akamwambia Kaka. "Hakukataza niulizwe."

Kaka Mkubwa alifumbua mikono yake, hakujua aiweke wapi, akaiacha ining'inie. Alifungua mdomo ukatoka upepo. Akajaribu tena. Na sauti ilipotoka ilikuwa mbaya, imekwaruza, sauti ya mtu ambaye hajaitumia tangu utotoni, na ikamkatikia katikati:

"MAMA! WEWE UNATAKA NINI?"

Mama alitengeneza mtandio wake kichwani. Alikuwa anatabasamu.

"Hapo sasa nimekusikia," akasema. "Shusha godoro langu."